Siku Tuliyowakatalia Wageni Watatu

Ulikuwa mwanzo wa kusi, mvua za masika hazijakatika, na Nungwi nzima, kule kaskazini mwa Unguja, imelala. Hoteli kadhaa zilikuwa zimefungwa. Kwenye kituo nilichokuwa nikiongoza wapiga mbizi, mitungi ilikaa imejaa hewa na hakuna wa kuivaa. Sisi tulilipwa kwa kila mbizi. Mgeni asipokuja, hakuna kitu. Kwa hiyo walipoingia wanaume watatu wakasema wanataka kwenda Leven Bank asubuhi ile ile, nilifurahi kabla hata sijawasikiliza vizuri.

Leven Bank ni mwamba ulio bahari kuu, kaskazini ya Nungwi, kwenye mkondo wa Pemba. Kilele chake kimezama, na kingo zake zinaporomoka hadi kina kirefu mno. Samaki kama kolekole, mizia na majodari wakubwa wapo kweli, wageni hawadanganywi. Lakini maji pale yanakwenda kaskazini mwaka mzima, kusi ikivuma yanazidi mbio, na siku ile ilikuwa bamvua.

Dada aliyesimamia kituo, mtu wa Makunduchi, aliwaomba kadi zao za kufuzu kupiga mbizi. Wawili walikuwa na za ngazi ya kwanza, ambazo mwisho wake ni mita 18. Wa tatu yake ilimfikisha mita 30. Daftari za mbizi hawakuwa nazo. Akawauliza wamepangaje. Wakasema watashuka mita 50, mtungi mmoja mmoja wa hewa ya kawaida, kwa kuwa rafiki yao alishafika huko na akarudi salama. Wakipanda watapumzika kidogo, wapige mbizi ya pili, kisha saa tatu usiku wana ndege.

Dada alikaa nao. Aliwaeleza kwamba mbizi za burudani zinaishia mita 40, tena kwa aliyefunzwa. Kwamba mita 50 mgandamizo ni mara sita ya huku juu, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara sita, na naitrojeni inamlevya mtu hadi akaitazama geji ya hewa bila kuelewa anachokiona. Kwamba naitrojeni hiyo hiyo, ikishaingia mwilini, inataka muda wa kutoka, isipoupata inamdhuru mtu, ndiyo maana baada ya mbizi mbili mtu husubiri angalau saa 18 ndipo apande ndege. Akawapa la kufanya: mbizi moja ya mita 12 upande usiopigwa na upepo, wakiahirisha ndege hadi kesho. Hawakutaka.

Wakatoa bei mara mbili. Akakataa. Wakasema basi walete karatasi watie saini, yakiwafika ni juu yao wenyewe. Mpaka leo hilo la karatasi linanichoma. Atakayewafuata chini ni mimi. Atakayeiongoza boti kwenye maji yale ni nahodha. Saini yao ingetulinda wapi?

Hawakukoma. Waliteremka ufukweni kwa nahodha wetu, mzee aliyeijua bahari ile kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa, na mmoja akatoa noti mfukoni. Mzee hakuzitazama. Akanigeukia.

"Mwanangu, waulize: wakichukuliwa na maji, niwatafute upande gani? Mimi nafuata mapovu yao. Kwa mawimbi haya, leo mapovu siyaoni. Waambie siwapeleki, na asinilazimishe mtu."

Niliwafasiria kama alivyosema. Mmoja wao akanivuta pembeni, akaniuliza mimi binafsi naonaje, maana nilikuwa kijana mwenzao. Nikamsimulia habari za mjomba wangu.

Mjomba alizamia majongoo ya pwani. Tajiri alimpa mtungi, ukiisha anampa mwingine, hadi jua lishuke, na hakuna aliyemuuliza ameshuka mita ngapi wala amekaa chini muda gani. Kadi hakuwa nayo, saa hakuwa nayo. Siku moja alipanda botini akiwa mzima, akataka kusimama, miguu ikamkatalia. Nyumbani tulidhani ni upepo mbaya, akafukizwa, akasomewa. Hospitali alifika akiwa amechelewa sana. Hadi leo anakwenda kwa mkongojo, na mguu wa kushoto anauburuta. Nilipofunzwa kazi hii, na mwalimu alipofika kwenye somo la naitrojeni, nilitoka nje nikalia, kwa sababu kila dalili aliyoitaja nilikuwa nimeiona kwa macho yangu chumbani kwa bibi.

Yule kijana alinisikiliza. Wenzake walimwita, wakaondoka kwa hasira, mmoja akitutukana kwamba hatujui biashara.

Dada alikuwa ameshika simu tayari. Akavipigia vituo vya jirani, hata vile tulivyovutana navyo wateja kila siku, akaeleza kadi zao, mpango wao na saa ya ndege. Baadaye binamu yangu anayefanya kazi kituo kingine alinipigia: wamepita kwao, nao wamewakatalia.

Wiki ile nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nilipomweleza mjomba, hakuuliza habari za pesa. Aliuliza kama walikasirika. Nikamwambia walikasirika sana. Akakaa kitako, akaniambia nianze upya pale ufukweni, nimwambie neno kwa neno alivyosema nahodha.