Kuiaga Windows XP bila kuipoteza

Kila Windows moja inapostaafishwa, mazungumzo hurudi kwa XP. Ilikuwa hivyo Januari 2020 kwa Windows 7, na ni hivyo tena tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 ilipofikia ukomo wa matengenezo yake ya kawaida siku ileile Tanzania ilipokuwa ikimkumbuka Mwalimu Nyerere. Mtu anaambiwa kompyuta yake nzima, isiyo na tatizo lolote, haikubali Windows 11 kwa sababu haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa yake ni ya zamani mno, na moyo wake unakimbilia kilima kile cha kijani chini ya anga la bluu kwenye skrini ya XP. (Kilima chenyewe ni cha kweli: Charles O'Rear alikipiga picha kwa kamera ya filamu huko Sonoma, California, Januari 1996.)

Mapenzi hayo yana msingi. Tatizo ni namna wengi wanavyoyatimiza, yaani kuiacha XP iendelee na kazi za kila siku huku imeunganishwa na intaneti. Hapo ndipo watu wanapopoteza mfumo na mafaili kwa pamoja.

XP ilitoka Oktoba 25, 2001. Kabla yake nyumbani kulikuwa na Windows 98 na ME, ambazo zilisimama juu ya DOS, mfumo wa zamani wa kuandika amri, na programu moja ikikwama kompyuta nzima inaganda nayo. Maofisini kulikuwa na Windows NT na 2000, imara lakini zisizo rafiki wa michezo wala vifaa vya bei nafuu. XP ikauleta uimara wa NT mezani kwa kila mtu. Ukichomeka flashi inatambulika papo hapo, wakati Windows 98 ilitaka kwanza CD ya draiva. Ilihitaji RAM ya MB 64 kwa uchache, MB 128 ili itembee vizuri, na nafasi ya GB 1.5 tu kwenye diski. Kwa Pentium III na Pentium 4 za mtumba zilizojaa madukani Dar es Salaam na Nairobi, ilikuwa imekaa mahali pake hasa.

Kinachokumbukwa zaidi, naamini, ni utulivu. XP haikudai akaunti ya mtandaoni ndipo ikufungulie, haikubandika matangazo kwenye menyu ya Start, na mipangilio ilikaa Control Panel, basi. Hata ule mchezo wa Pinball una historia yake. Raymond Chen wa Microsoft amewahi kueleza kuwa ulipotafsiriwa kwa prosesa za biti 64, mpira ulikuwa ukipenya vitu badala ya kuvigonga. Kodi ya programu ilikuwa ya kampuni nyingine na haikuwa na maelezo ya kutosha ya kuisahihisha kwa wakati, kwa hiyo Windows Vista iliyofuata ikaja bila Pinball.

Upande wa pili wa kumbukumbu hizo tusiufiche. Kabla nyaya za baharini hazijafika pwani yetu mwaka 2009, intaneti ilipita kwenye modemu za simu na setilaiti. Service Pack 3, furushi la masasisho ya XP la mwaka 2008, ilikuwa na MB zipatazo 316. Kwa modemu ya kilobiti 56 hiyo ni zaidi ya saa 12 laini isipokatika hata mara moja, na nani alikuwa na laini isiyokatika? Kwa hiyo kompyuta nyingi zilibaki kama zilivyopigwa Windows siku ya kwanza, na virusi vikapita kwenye flashi. Ukichomeka flashi steshenari kuchapisha barua, ukirudi nayo nyumbani folda zako zimegeuka kuwa shotikati. Mafaili yenyewe yalikuwepo, yamefichwa tu. Dawa yake bado inafanya kazi leo: fungua cmd (dirisha la amri), na kama flashi ni F, andika

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

kisha futa shotikati na autorun.inf, faili linaloamuru programu ijifungue yenyewe flashi ikichomekwa. Conficker, kirusi kilichozuka Novemba 2008, kilitumia mlango huohuo wa autorun pamoja na tundu la mtandao ambalo rekebisho lake lilikuwa limeshatoka Oktoba. Autorun ya flashi kwenye XP ilikuja kuzimwa kwa sasisho la Februari 2011.

Matengenezo ya XP yalikoma Aprili 8, 2014. Watu husema WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili na kudai fidia Mei 2017, kiliangamiza XP. Si kweli hasa. Walioumia kwa wingi walikuwa wa Windows 7 ambao hawakuweka marekebisho, na XP mara nyingi iliishia kwenye skrini ya bluu tu. Hata hivyo hatari ilikuwa kubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa rekebisho la dharura kwa XP, miaka mitatu baada ya kuiaga.

Kwa matumizi ya kawaida, cheti (uthibitisho wa utambulisho wa tovuti) na TLS (njia ya kusimba mawasiliano nayo) ndivyo vinavyoikwamisha kabla hata ya virusi. Internet Explorer 8 ya XP inaishia TLS 1.0, na tovuti nyingi leo zinataka 1.2 au zaidi. Chrome iliishia toleo la 49, nayo hutegemea orodha ya vyeti ya Windows yenyewe, ambayo imezeeka. Firefox 52 ESR, iliyokoma 2018, ilibeba orodha yake na inajua TLS 1.2, ndiyo maana hufungua kurasa ambazo Chrome inazikataa. Na ukiona kila tovuti inalalamikia cheti, tazama saa kwanza. Betri ya CR2032 kwenye madabodi ikiisha, kompyuta hurudi mwaka 2002 kila ukizima umeme, na kwake vyeti vyote ni vya wakati ambao haujafika.

Sasa tuhamie kwenye kazi yenyewe. Mwenye kompyuta ya XP iliyobeba vitabu vya hesabu, picha za arusi au rekodi za shule anatakiwa kuanza na diski, kwa sababu hizo zina miaka zaidi ya 15 na mara nyingi hazitoi taarifa kabla ya kufa. Ikianza kulia tik, tik kwa mpangilio, usiiwashe tena kujaribu. Kompyuta za miaka ile zina ugonjwa mwingine pia: kapasita kwenye madabodi huvimba kichwa na kutoa ukoko wa kahawia, na dalili yake ni mashine inayowaka mara ya pili au ya tatu ukibonyeza. Hapo diski inaweza kuwa nzima kabisa. Itoe uisomee kwenye kompyuta nyingine.

Diski za IDE (muunganisho wa zamani wa diski) za inchi 3.5 zina pini 40 na hutaka umeme wa volti 12 kutoka kwenye plagi yake ya pini 4, kwa hiyo nunua adapta ya USB inayokuja na pawa yake. Za laptopu, inchi 2.5, zina pini 44 na hupata umeme humohumo. Adapta isipoiona diski, hamisha jampa, kile kiunganishi kidogo cha pini nyuma yake, iwe Master. Mara nyingi ilikuwa Slave au Cable Select. Windows mpya ikisema diski inahitaji kufomatiwa, jibu ni hapana, kila mara.

Napendelea kunakili diski nzima kwanza, kisha kuchambua mafaili kutoka kwenye nakala. Buti Linux, mfumo mbadala wa Windows, kutoka kwenye flashi, andika lsblk utambue diski ya zamani kwa ukubwa wake, na ukishakuwa na uhakika kuwa ni sdb na si sda (ndivyo Linux inavyoziita diski), hakikisha uko kwenye diski ya nje yenye nafasi, kisha endesha ddrescue, programu ya kunakili hata diski zenye hitilafu:

ddrescue -d -n /dev/sdb xp.img xp.log

Diski nzima ya GB 40 kupitia USB 2.0 huchukua kama nusu saa. Yenye mabaka (sehemu zisizosomeka) huchukua muda mrefu, lakini ddrescue huyaruka, huokoa kilicho kizima, na ukirudia kwa -r3 badala ya -n hujaribu mabaka hayo mara tatu tatu. Faili la xp.log usilifute katikati, ndilo linalokumbuka ilipofika.

Mafaili ya XP hayako C:\Users. Yako C:\Documents and Settings, kisha jina la mtumiaji. Wengi hubeba My Documents na Desktop wakaridhika, na barua pepe zikabaki. Outlook Express huziweka ndani ya Local Settings\Application Data\Identities, mafaili ya .dbx; Outlook kamili huweka .pst ndani ya Local Settings\Application Data\Microsoft\Outlook. Folda ya Local Settings imefichwa, na ndiyo sababu ya kusahaulika. Beba pia C:\WINDOWS\Fonts kama kompyuta ilikuwa ya kuchapia, la sivyo kadi za mialiko zitafunguka na herufi nyingine kabisa. Ukinyimwa ruhusa kwenye Windows mpya, amri za takeown na icacls huifungua. Kisichofunguka ni faili ambalo jina lake linaonekana kwa rangi ya kijani: hilo limesimbwa kwa EFS, usimbaji wa mafaili wa XP Professional. Ni lazima liondolewe usimbaji kwenye XP yenyewe ikiwa bado inawaka, kupitia Properties, Advanced, na kuondoa alama ya "Encrypt contents to secure data", au uhamishe cheti chake chenye ufunguo kwa certmgr.msc kama faili la .pfx. Ukipiga Windows upya kabla ya hapo, umelipoteza.

Ukitumia flashi kuhamisha, jua kwamba FAT32, muundo wa flashi nyingi, haipokei faili la kuzidi GB 4, hata flashi iwe tupu. XP itasema diski imejaa. exFAT nayo XP haiisomi bila sasisho KB955704. NTFS ndiyo inayoelewana na pande zote mbili. Kuziunganisha kwa kebo ya mtandao kunashindikana kwa sababu XP inajua SMB 1 peke yake (njia ya kale ya kushirikisha mafaili), na Windows 10 mpya huja bila hiyo tangu mwishoni mwa 2017. Mafundi huiwasha kwa haraka na kusahau kuizima. Naomba wasifanye hivyo, maana ni njia ileile WannaCry ilipopita.

Kuhusu kuyafungua: .doc na .xls hazina shida. Kazi za PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa, ambazo nyumba nyingi za uchapaji bado wanazo, InDesign ilizifungua hadi CS6. LibreOffice huzisoma tangu 4.4, ingawa mpangilio wa safu hutaka kurekebishwa kwa mkono. Programu za DOS za uhasibu hazifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64, DOSBox huziendesha.

XP yenyewe iendelee kuishi ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta. Nakala uliyoichukua inageuzwa kwa

VBoxManage convertfromraw xp.img xp.vdi --format VDI

Tengeneza mashine ya aina ya Windows XP ya biti 32, ipe RAM ya MB 512 hadi 1024, prosesa moja, na uiunganishe diski kwenye kidhibiti cha IDE PIIX4. Ukiiacha kwenye SATA utapata skrini ya bluu yenye 0x0000007B, kwa sababu XP haina draiva ya AHCI ambayo SATA hiyo inaitaka. Namba hiyohiyo hutokea hata kwenye IDE kama madabodi ya zamani ilitumia chipu za VIA, SiS au nyinginezo zisizo za Intel. Kinga yake, kama mashine bado inawaka, ni kuingia Device Manager kabla ya kunakili na kubadilisha draiva ya IDE iwe "Standard Dual Channel PCI IDE Controller". Ikiganda bila ujumbe wowote, washa I/O APIC kwenye mipangilio ya mashine hiyo. Kadi ya mtandao weka "Not attached". Ukibadilishana mafaili tumia folda ya pamoja baada ya kuweka Guest Additions (draiva za VirtualBox zinazowekwa ndani ya XP), ukichagua toleo ambalo bado linaikubali XP. Itadai kuamilishwa upya, kwa kuwa imeona vifaa vipya, na leseni ya OEM (iliyokuja na kompyuta) ilikuwa ya mashine ile tu. Kwa hiyo ukiwa na CD yenye leseni ya rejareja, piga XP safi badala ya kuhamisha iliyopo, na uhamishie programu unazozihitaji.

Mashine inayobaki bado ina kazi. Core 2 Duo yenye RAM ya GB 4 na SSD ya SATA ya GB 120 inaiendesha Linux Mint ya Xfce vizuri kuliko ilivyowahi kuiendesha XP, maana kilichokuwa kikiichelewesha ni diski. Andika flashi kwa programu ya Rufus ukichagua MBR, kwa sababu BIOS hizo, yaani programu za kuwashia kompyuta, hazijui UEFI, mfumo mpya wa kuwashia. Badilisha CR2032 na grisi ya prosesa siku hiyohiyo umefungua kasha. Pentium 4 nyingi ni za biti 32 na kwa hizo antiX, Linux nyepesi, inafaa. Debian 13, Linux nyingine, ya Agosti 2025 haina tena kisimikishi cha biti 32. Chini ya MB 512 za RAM sishauri kuhangaika, ichukuliwe vipuri.

Diski ya zamani usiifute wala kuiuza kwanza. Iweke kwenye mfuko usiopitisha umeme tuli, andika juu yake jina la mwenyewe na mwaka, na isubiri hadi mahesabu ya mwaka mzima yafungwe kwenye mfumo mpya. Miezi hiyo ndiyo mtu hukumbuka faili alilokuwa akilitumia mara moja tu kwa mwaka.