Nilivyotibiwa uvimbe wa seli kubwa kwenye mfupa wa mkono

Maumivu yalianzia juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole gumba. Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, na kila Desemba tunashona sare za shule mpaka usiku, kwa hiyo mkono kuuma si habari. Lakini maumivu ya kazi hupoa mtu akilala. Haya yalizidi usiku, na asubuhi kushika mkasi ikawa shughuli. Baadaye pakavimba. Ukibonyeza unakutana na kitu kigumu kilichoshikana na mfupa, hakisogei.

Zahanati moja nilipewa diklofenaki na kuambiwa nimeteguka. Dozi ikiwepo maumivu yanapungua, ikiisha yanarudi palepale. Shangazi yangu akaja kutoka Sikonge na chupa yake ya mafuta ya nyonyo. Ni mchuaji anayesifika, amenyoosha viungo vya watu wengi, na alikuja kwa mapenzi. Nikamwambia, "Shangazi, nakuheshimu, ila sijaanguka wala sijajigonga popote. Niache kwanza nikapige picha." Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, kapige. Mafuta hayaozi."

Namshukuru sana kwa kunielewa, maana mfupa wangu wakati ule usingestahimili kuchuliwa.

Picha ya eksirei nilipiga Kitete, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Daktari aliiinua kwenye mwanga, akanionyesha mwenyewe. Ncha ya mfupa ule mkubwa wa mkono, pale unapokutana na kiganja, ilikuwa nyeusi, imetanuka upande mmoja, na weusi umefika karibu kabisa na kiungo. Ukuta wa mfupa ulibaki mwembamba mno. Mimi niliona kitambaa cha suti kilichoingiliwa na nondo: nje kimekunjwa vizuri, ukikikunjua kimeisha.

Akaniuliza umri. Nilikuwa nimevuka miaka 30. Akaniambia umri ni sehemu ya uchunguzi, kwa sababu uvimbe wa seli kubwa huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, wanawake wakiwa wengi kidogo kuliko wanaume, na hukaa kwenye ncha ya mfupa uliokwisha kukomaa. Karibu nusu ya wagonjwa huupata kuzunguka goti, na kifundo cha mkono ni kati ya sehemu zinazofuata. Kisha akasema jambo ambalo limenisaidia safari nzima: "Mama, hii picha inanipa wazo. Jina la ugonjwa bado hainipi."

Nilimwomba anitajie mengine yanayoweza kufanana. Akanitajia kifua kikuu cha mfupa, kansa ya mfupa yenyewe, na uvimbe wa kahawia, unaotokea pale vitezi vidogo vilivyo nyuma ya tezi la shingo vinapotoa homoni kupita kiasi na kunyonya madini kwenye mifupa. Huo wa kahawia, hata ukiutazama kwa hadubini, unafanana sana na wa seli kubwa, ila tiba yake iko shingoni. Ndiyo maana nilipimwa damu kuangalia kiwango cha kalsiamu, na nikapigwa picha ya kifua, kwa kuwa uvimbe wa seli kubwa, ingawa hauhesabiwi kuwa kansa, kwa wagonjwa wachache hupeleka mbegu kwenye mapafu. Kalsiamu yangu ilikuwa sawa na kifua kilikuwa safi. Nikafungwa gango ili mkono usivunjike, nikaandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.

Basi la Mwanza linapita Nzega na Shinyanga, na barabara ile kwa mtu mwenye mkono mbovu ni ndefu. Nilifikia kwa mama mdogo anayekaa Nyakato, hapo Mwanza.

Kuhusu kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima maabara, nataka nieleze kwa kirefu, kwa sababu wodini nilikutana na watu walioogopa kipimo hiki kuliko upasuaji. Wanaamini uvimbe ukiguswa kwa chuma unakasirika na kusambaa. Daktari wa mifupa alinieleza kwamba hatari ya kweli iko kwenye mahali na namna ya kuchukua. Kinyama kichukuliwe na yule atakayekupasua, au kwa maelekezo yake, kwa sababu njia inapopita sindano lazima iwe kwenye mstari ambao baadaye atapitisha kisu, ili aiondoe pamoja na uvimbe. Mtu akichoma ovyo anaweza kuacha seli kwenye nyama ambako hazikuwa. Na jambo jingine: kinyama kiende maabara pamoja na maelezo ya picha na umri wa mgonjwa. Seli kubwa zenye viini vingi zinaonekana kwenye magonjwa mengi ya mifupa, hata kwenye aina fulani ya kansa, hivyo mtaalamu wa patholojia akipewa kipande bila picha anahukumu kwa jicho moja. Nilihakikisha karatasi yangu imeandikwa yote. Kungoja majibu kuliniumiza kuliko sindano.

Majibu yakaja: uvimbe wa seli kubwa wa mfupa, hakuna dalili ya kansa. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Zile seli kubwa zilizoupa ugonjwa jina lake kazi yake ni kula mfupa, lakini zimeitwa tu. Wanaoziita ni seli ndogo zilizo katikati yake, na hizo ndogo ndizo uvimbe wenyewe. Ukiacha hata chache, zitaita wenzao upya.

Hapo ndipo nilipopewa uamuzi, na sitausahau. Njia ya kwanza ni kukwangua: kufungua dirisha kwenye mfupa, kutoa uvimbe wote, kusaga kuta za ndani kwa mashine, kuosha kwa dawa, kisha kujaza pengo kwa saruji ya mifupa. Kiungo kinabaki changu. Ubaya wake ni kwamba uvimbe unaweza kurudi. Zamani, walipokwangua tu bila kusaga wala saruji, ulirudi kwa theluthi ya wagonjwa au zaidi. Siku hizi unarudi kwa wachache kuliko hapo, lakini kifundo cha mkono kinajulikana kwa kurudisha kuliko sehemu nyingi. Njia ya pili ni kukata ncha yote ya mfupa na kuziba nafasi kwa mfupa mwembamba unaotolewa pembeni ya muundi wa mguu. Kurudi kunakuwa kwa nadra zaidi, ila kifundo kinapoteza sehemu ya mzunguko wake, na wengine hugandishwa kabisa.

Niliuliza pia juu ya sindano ya denosumabu, kwa sababu jamaa yangu alikuwa ameisikia. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2013. Inakata ule wito wa seli ndogo. Hutolewa miligramu 120 chini ya ngozi kila baada ya wiki nne, na mwezi wa kwanza huongezwa dozi mbili. Mgonjwa hunywa kalsiamu na vitamini D, hukaguliwa meno kwa kuwa inaweza kuharibu mfupa wa taya, na mjamzito hapewi. Daktari alisema inawafaa hasa watu ambao upasuaji ungewaacha na ulemavu mkubwa, kwa mfano uvimbe ulio chini ya uti wa mgongo. Kwangu hakuipendekeza. Ikitangulia kabla ya kukwangua, inajenga ganda gumu la mfupa, na seli hujificha ndani yake mahali ambapo mashine haizioni. Matokeo yake uvimbe hurudi zaidi. Na dawa ikisimamishwa, seli zilizobaki zinaweza kuamka.

Nilimwonyesha mkono wangu unavyofanya kazi: kugeuza kiganja juu na chini ninapokata kitambaa, kukunja kifundo ninapoongoza pindo chini ya sindano. Nikamuuliza, ukuta wa mfupa umetoboka? Akasema umetanuka na kukonda lakini bado umeshika, na uvimbe haujatoka kuingia kwenye nyama. Nikasema, kama ni hivyo tukwangue, na ukirudi tutakata. Akakubaliana nami. Naamini hadi leo kwamba kama ukuta ungekuwa umepasuka, jibu sahihi lingekuwa lile lingine, hata kwa fundi.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nilikuwa nusu kaputi. Nilichoelezwa ni kwamba karibu na gegedu la kiungo walitanguliza vipande vya mfupa wangu kutoka nyongani, ili saruji isikae moja kwa moja chini ya gegedu, ndipo wakajaza saruji. Inapoganda inatoa joto kali, na joto hilo linasaidia kuua mabaki. Nyonga iliniuma kuliko mkono.

Kitanda cha jirani upande wa wanaume alikuwepo kijana wa Kasulu, tulizoeana kwenye baraza ya mazoezi. Yeye goti lilikuwa linajaa maji kila mara. Walipoyavuta yakatoka na rangi ya damu iliyochakaa, na MRI ikaonyesha utando wa ndani ya kiungo umevimba na kuhifadhi chuma cha damu. Naye aliambiwa ana uvimbe wa seli kubwa, ila wa utando wa kiungo, na huo ni ugonjwa mwingine. Mifupa yake ilikuwa mizima. Tiba yake ilikuwa kuondoa utando ulioathirika, na kwa vile ulikuwa umeenea goti zima, aliambiwa kurudi ni jambo la kutarajiwa na afuatiliwe. Alikuwa ametibiwa baridi yabisi muda mrefu. Natamani kila mwenye goti moja linalojaa bila sababu avutwe maji na rangi yake iangaliwe.

Bima ilibeba sehemu kubwa ya gharama; nauli, chakula na dawa nyingine zilitoka kwenye kikoba chetu cha mafundi wa sokoni, na dada zangu hao walimaliza sare za wateja wangu wote.

Saruji inashika siku hiyohiyo, kwa hiyo vidole nilianza kuvichezesha mapema. Kugeuza kiganja ndiko kulikochelewa. Nilifanya mazoezi ya kuminya kitambaa kilichoviringishwa na kugeuza mwiko taratibu, kulia na kushoto. Mkasi mdogo ulirudi kwanza. Mkasi mkubwa wa kukatia suti ulikuja baadaye sana, na mitumba mizito ya jinzi bado namwachia msaidizi.

Sasa ninafuatiliwa. Uvimbe ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, hivyo miaka hiyo picha za mkono hupigwa kila baada ya miezi michache na kifua hakisahauliwi. Daktari anatafuta kitu kimoja: saruji inaonekana nyeupe, na pembezoni mwake pasiongezeke ukanda mweusi unaotanuka. Hilo halionekani kwenye picha moja, linaonekana kwa kulinganisha. Kwa hiyo picha zangu zote, kuanzia ile ya kwanza ya Kitete, nimezilaza ndani ya bahasha yake kabatini, kila moja ina tarehe, na kila nikiitwa nakwenda nazo zote.