Kufuli tatu za kikoba zilivyotulinda Kendwa

Tulivunja kikoba, yaani tuligawana akiba ya chama chetu cha kuweka na kukopeshana, Desemba, mvua ikiwa imeshashuka Dodoma na watu wako mashambani wanapanda mtama na uwele. Sisi tukatangaza kwamba tunakwenda Unguja kwenye sherehe ya mwezi mpevu. Majirani wa Nzuguni walicheka wakashika mbavu. "Mgogo na bahari wapi na wapi!" Kicheko chao sikukijali. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mimi ndiye mweka hazina, na kundini walikuwamo vijana ambao maji mengi kuliko yote waliyowahi kuyaona ni Bwawa la Hombolo, sembuse disko la ufukweni linalokesha hadi alfajiri.

Kendwa iko kaskazini magharibi mwa Unguja, jirani na Nungwi, kama kilomita 60 kutoka mjini. Sherehe yake hupigwa Jumamosi iliyo karibu na mwezi kujaa, kwa hiyo hata anayeishi kwa ujanja anaijua tarehe mapema kama anavyoijua mwenye hoteli. Nilijiuliza anachokihitaji tapeli ni nini hasa, nikaona kwamba ujinga wako si lazima. Anataka uamue sasa hivi, peke yako, ukiwa na hela mkononi. Na dawa ya jambo hilo tulikuwa nayo uvunguni mwa kitanda cha mwenyekiti.

Wanaocheza vikoba wanalijua sanduku letu. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na mmoja asipokuwepo halifunguki, hata kama kuna msiba. Basi sheria hiyo nikaifunga safari. Fedha taslimu nilishika mimi, kwenye pochi iliyoshonewa ndani ya gauni. Fedha za kwenye simu alishika katibu wetu, binti wa mtaa wa Kisasa, kwa laini ambayo haikuwa na kazi nyingine. Ufunguo wa tatu haukuwa na hela kabisa, ulikuwa na mamlaka ya kukataa tu, na tulimpa bwana mmoja wa Kizota anayeuza spea za pikipiki, mtu ambaye hata chenji ya shilingi mia anaihesabu mara mbili. Malipo yoyote yanayozidi shilingi 50,000 yalihitaji sote watatu tuwepo. Chini ya hapo kila mtu na mfuko wake.

Matapeli wenyewe walitufuata tukiwa bado Dodoma. Binti mmoja aliona mtandaoni ukurasa wa hoteli ya Kendwa: bahari ya buluu, vitanda vimetandazwa maua, bei nusu ya wengine. Nikampigia mhusika. "Mama, lipia nusu leo, vimebaki vyumba viwili tu." Akanitumia namba ya simu ya mtu binafsi. Nikamwomba Lipa Namba ya biashara, akaituma. Nilipoiingiza, jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mtu, tena si lile alilojitambulisha nalo. Sikumgombeza. Nilimwambia, "Mwanangu, nipigie kwa video, uanzie getini utembee hadi chumbani." Akasema kamera ya simu yake imeharibika. Nyumba tuliyoipata mwishowe iko ndani ya kijiji, si ufukweni, na mwenyewe alikubali kutembea na simu kutoka barabarani. Mbuzi wawili walikatiza mbele ya kamera yake. Niliwaamini wale mbuzi kuliko picha zote za bahari.

Safari ya SGR haina hadithi. Treni hii ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya kawaida hadi Dar ni 31,000, na ukikata tiketi kwenye mfumo wao, kishoka hana pa kukushikia. Kazi iko bandarini. Hujafika hata kwenye geti la boti, tayari kuna kijana ameshika begi lako. "Mama, boti ya mchana imejaa, ila mimi ninazo tiketi." Tiketi ya boti huandikwa jina la abiria na unaonyesha kitambulisho, sasa hiyo aliyonayo mkononi imeandikwa jina la nani? Zetu tulikuwa tumeshazikata kwa kampuni yenyewe, kwa shilingi, kama raia. Agizo langu lilikuwa kila mtu abebe begi lake na asimjibu mtu mpaka tumevuka geti. Kwa Mgogo kutojibu salamu ni adhabu kubwa, vijana walinilalamikia kweli. Niliwaruhusu kuitikia salamu, miguu ikitembea.

Ufukweni papasi wako wa kila aina, na hapa nataka niwatendee haki. Wengi ni vijana wanaotafuta kamisheni: anakupeleka kwa mwenye boti, mwenye boti anamkatia chake, nawe unalipa zaidi kidogo. Huo si wizi, ni gharama ya kutokwenda mwenyewe. Anayeumiza ni yule anayechukua malipo ya awali ya safari ya kisiwa cha Mnemba jioni, asubuhi hayuko. Siku ya kwanza tu alikuja kijana mchangamfu, maneno yanateleza, chombo kinaondoka alfajiri, nafasi zimebaki chache, tutoe nusu. Nikamjibu kwamba mwenye ufunguo wa tatu amelala, arudi saa kumi na mbili jioni. Akauliza ufunguo gani. Nikamweleza. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, akaondoka, hakurudi. Jibu hilohilo niliwapa na wengine, na nililipenda kwa sababu halikuhitaji kugombana wala kumwita mtu mwongo. Wenye biashara ya kweli walirudi jioni.

Mmoja wa waliorudi ndiye aliyetupeleka. Bwana wa Kizota alimhoji mpaka nikamwonea huruma: hiyo bei ina ada ya hifadhi ndani yake au tutadaiwa majini? Miwani ya kupigia mbizi je? Chakula? Maboya yapo mangapi, na tunaweza kuyaona? Hilo la maboya alilipigania mama mmoja mwenzetu ambaye, tangu MV Skagit ilipozama Julai 2012 ikielekea Unguja, hataki kusikia habari za chombo cha majini. Tulikwenda kuiona boti ikiwa imetia nanga, tukahesabu maboya, tukaandikiana risiti yenye namba ya simu, tukalipa nusu, na nusu nyingine tuliporudi. Bei zote tuliuliza kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za humu nchini, kwa hiyo mtu akikutajia dola mwambie tu akupe bei ya Kitanzania. Dola ina njia ya kufanya kitu kionekane kidogo.

Kulikuwa pia na Wamasai wa ufukweni, shuka nyekundu, shanga, rungu. Mmoja alinikabili na bangili za "dada mrembo". Nilimtazama usoni nikamwamkia, "Mbukwa!" Akacheka mpaka akakaa chini mchangani. Mgogo wa upande wa Mpwapwa! Kuanzia hapo tulikuwa na mwenyeji. Alitutajia bei halisi ya madafu, pweza na teksi, akawaonya mabinti wasichorwe hina nyeusi ya pale mchangani kwa sababu mara nyingi ni piko, ile rangi ya nywele, inababua ngozi. Bwana wa Kizota alimpenda sana, ingawa bangili hakununua.

Huyo ndugu yetu ndiye aliyetupa jambo ambalo nisingelijua hata ningesoma wapi. Vijana walikuwa wamepanga kwenda Nungwi jioni, kisha warudi Kendwa kwenye sherehe kwa miguu, wakipita ufukweni. Akasema kwenda sawa, kurudi angalieni. Mwezi ukijaa ni bamvua: maji hukupwa sana, kisha hujaa sana. Mnamo saa nne, saa tano usiku yamekupwa na ufuko ni mpana, unapita bila kulowana kiatu. Kuelekea saa kumi alfajiri, watu wakiwa wamechoka na wamelewa, bahari imefika kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na njia haipo. Anayelazimisha, ama anapambana na mawimbi gizani ama anakwama mahali pa upweke, na hapo ndipo wenye nia mbaya wanapomngoja. Mgogo ananifundisha bamvua! Tulifuta mpango wa Nungwi. Tukapatana na dereva mmoja wa kijijini, wa kutupeleka na kuturudisha, nusu ya hela akaipata baada ya kuturudisha.

Usiku wa sherehe simu kubwa zote zilibaki zimefungiwa chumbani. Tulikwenda na vitochi, zile simu ndogo za vitufe, kila mtu na hela kidogo ambayo ikipotea hatalia. Watu wawiliwawili, na anayekwenda msalani anakwenda na mwenzake, hata wanaume, walinung'unika lakini walikwenda. Chini ya mnazi mmoja tuliouchagua kukiwa bado na mwanga tulikutana kila baada ya saa mbili kuhesabiana, kama watoto wa shule ya msingi. Kinywaji kilikuwa cha kufunguliwa mbele ya mnywaji, na ukikiweka chini ukageuka, hicho umeshakiaga.

Hilo la mwisho lilifanya kazi mbele ya macho yangu. Kijana mmoja mtanashati alimletea binti wetu glasi iliyokwisha kumiminwa, kwa heshima zote. Mwenzake akaipokea, akamrudishia, akasema, "Asante kaka, huyu anakunywa ya kufunguliwa mbele yake." Huenda kijana alikuwa na nia njema. Alitabasamu, akaenda na glasi yake. Hatukuhitaji kujua.

Bangi inanong'onwa kila kona pale. Ni kosa la jinai, bara na visiwani, na ukishanunua umejiweka mikononi mwa mtu wa pili, yule atakayetokea baada ya muda akijiita askari na kutaka myamalize palepale. Tulikubaliana kwamba hanunui mtu, na akitokea wa namna hiyo jibu ni "twende kituoni." Hakutokea.

Kilichotokea, kilitokea Nzuguni. Kijana wetu mmoja alikuwa akirusha picha za safari mchana kutwa, yuko boti gani, yuko ufuko gani. Siku iliyofuata sherehe mama yake alipigiwa simu na "daktari": mwanao amepata ajali ya boti Zanzibar, yuko chumba cha upasuaji, tuma laki tatu ya dawa kwa namba hii haraka kabla hatujamwingiza. Simu ya mtoto haipatikani, kwa sababu kweli ilikuwa imefungiwa chumbani haina chaji. Mama yule ni mtu wa presha. Lakini kabla hatujaondoka nilikuwa nimepita kwa wazazi wote na kuwaachia swali moja: yeyote atakayeomba hela kwa jina letu, awe nani, aulizwe sanduku liko kwa nani wiki hii. Jibu tulilokubaliana halikuwa jina la mtu yeyote wa kikoba. Na waliachiwa namba yangu na ya katibu, wapige kwanza.

Mama akamuuliza daktari. Daktari akafoka kwamba mtoto anakufa, yeye anauliza masanduku. Mama, huku anatetemeka, akauliza tena. Simu ikakatwa. Alipotupata, mwanawe alikuwa anakula chapati na pweza pembeni yangu. Nilimwelekeza aitume ile namba kwenda 15040, ile ya mamlaka ya mawasiliano ya kuripotia matapeli, ambayo hata zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" huripotiwa huko. Kijana alifuta picha zote, akazirusha upya tulipokuwa tumeshafika nyumbani.

Swali lenyewe limebaki. Mama yule hataki kuliacha, na sasa mwanawe akipiga kuomba nauli ya kurudi chuoni, kabla ya salamu anaulizwa sanduku liko kwa nani.