Bomba la dawa halinikwamishi tena katikati ya nyanya

Huku Ilula, mkoani Iringa, nyanya hupuliziwa dawa asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ekari yangu inakula pipa zima la lita 200, yaani mabomba ya mgongoni kumi na mawili na nusu ya lita 16. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, kila mmoja na bomba lake, na bado saa saba mchana ilitukuta shambani. Kutwa nzima ilikuwa kufungua nozeli, ile ncha inayotoa dawa, kusafisha, kufunga, matuta manne, inaziba tena.

Kijana wa duka la pembejeo aliniambia, "Dada, chukua sindano, toboa tu hapo." Nikatoboa. Dawa ikatoka kwa nguvu, nikafurahi! Siku chache baadaye tuta zima lilikuwa na majani yaliyoungua. Nikakinga maji kwenye jagi kwa dakika moja: nozeli mpya ilitoa nusu lita na kitu, ile ya sindano ikakaribia lita. Nilikuwa nimelipanua tundu lake. Ushauri ule bado unanikera. Nozeli ni elfu mbili tatu, dawa niliyomwaga ni zaidi ya hapo, achilia mbali nyanya. Sasa nasafisha kwa mswaki wa zamani na maji. Na usipulize nozeli kwa mdomo, hiyo ni sumu.

Lakini kuziba hakukuanzia kwenye nozeli. Nilikuwa namimina mankozebu, ile dawa ya ukungu ya unga, moja kwa moja ndani ya bomba. Inaganda mabonge, inakaa chini, na maji yetu ya kijitoni yanaongeza mchanga. Nikaanza kuchuja kwa kipande cha khanga. Ikawa mbaya zaidi: khanga kuukuu inatoa nyuzi, na uzi mmoja unatosha kuziba. Nilipoteza asubuhi mbili kabla sijaziona zile nyuzi.

Kilichonikomboa ni soksi ndefu ya nailoni. Naivalisha juu ya ndoo, nafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na maji yote yanapita hapo kwenda kwenye pipa. Unga naukoroga pembeni kwenye ndoo ndogo, na glavu mkononi, kwa maji kidogo mpaka uwe kama uji mwepesi. Nao unapita kwenye soksi. Mabonge yanayobaki unayaona kwa macho, unayavunja kwa kijiti. Pipa lazima likorogwe kila mara kabla ya kuchota, la sivyo bomba la kwanza linakuwa maji na la mwisho linakuwa tope.

Ile tyubu usiitupe. Washa ya fimbo ya kupulizia, kile kiduara cha mpira kinachozuia kuvuja, ilipokatika nilikata kiduara humo, kikashika mpaka jioni. Siku hizi kikopo changu kina washa, ringi za mpira na nozeli mbili, na kinakaa shambani chini ya pipa. Zamani vilikuwa nyumbani, nusu saa kwenda na kurudi.

Tukimaliza tunasuuza mara tatu na kupampu maji safi yatoke hadi kwenye nozeli, hata kama tumechoka vipi. Maji hayo tunayapulizia palepale kwenye nyanya, hayaendi kijitoni.

Wiki iliyopita ugonjwa wa ukungu ulishaonekana kwenye nyanya za jirani. Tulianza saa kumi na mbili na nusu. Saa tatu na robo bomba la mwisho lilikuwa tupu, na upepo ndiyo kwanza unatikisa majani.