Mzungu wa nne

Jumamosi, usiku

Leo nimepanda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikosoma, nikiwa nimekumbatia hundi ya kadibodi inayonizidi upana. Fedha ni zangu, si za benki, lakini vijana wa kitengo cha mawasiliano walishanusa habari, na wakishanusa lazima pawe na picha. Upepo ukaikamata pale karibu na Ukumbi wa Nkrumah, nikabaki nayumba nayo kama tanga. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, hiyo inapita dirisha gani?" Tumbili wawili ukutani wakatuangalia.

Ukumbi wenyewe bado ni uleule. Kwa miaka mingi nimeushika kila siku bila kuutazama, maana ndio uliochorwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla ya sarafu kuingia mwaka 2014.

Hundi ilikuwa ya milioni 30. Kazini kwangu kiasi hicho hakimwamshi mtu, ila nimekipigia hesabu kama mtu wa fedha: hakiguswi. Kinakwenda kwenye hati fungani ya serikali ya miaka 20, yaani serikali inakopeshwa, na riba, ambayo hulipwa kila baada ya miezi sita, ndiyo itakayotumika. Hata kwa asilimia 12 ni milioni 3.6 kwa mwaka. Mtu akitoa fedha za kuliwa mara moja, mwakani anaulizwa mbona kimya.

Matumizi ni kulipia malazi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokosa chumba. Hapo sikuhitaji ushauri wa mtu.

Waliosoma pale wanajua maana ya kubebwa. Kwa wengine: huna chumba, mwenye chumba anakubeba, mnalala wawili kwenye kitanda cha mmoja. Mwaka 1996 nilibebwa na kaka mmoja wa Mbinga, wa mwaka wa tatu, ambaye hatukuwa hata na ujamaa wa mbali. Tulilala mzungu wa nne mwaka mzima, miguu yake usoni kwangu, yangu usoni kwake. Usiku wa kwanza alinipa sabuni ya kipande akasema, "Mdogo wangu, kodi ya hapa ni kunawa miguu." Boom, yaani fedha ya kujikimu ya wanafunzi, likitoka nilikuwa nanunua mkate, basi. Madesa yangu, zile karatasi za kusomea, nilimwachia wa kitanda cha pili kama shukrani, ingawa nadhani alifungia maandazi.

Michael Bloomberg, bilionea wa Marekani aliyehitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, alianza kuichangia kwa dola 5, ndiyo kwanza anaanza maisha. Mwaka 2018 akatoa dola bilioni 1.8, ili mwanafunzi asikose nafasi kwa sababu ya ada. Watu wanazungumzia zile bilioni. Mimi zinanichoma zile dola 5. Mshahara wangu wa kwanza niliununulia redio kubwa ya spika mbili, na Mlimani sikurudi mpaka nilipoalikwa kuhutubia.

Dada wa ofisini aliponiuliza jina liandikwe vipi kwenye kibao, nilikuwa nalo tayari mfukoni, limepigwa chapa na vyeo vyote. Nikaona haya kulitoa. Nikamwomba anipe siku mbili.

Jioni nikatafuta namba ya yule kaka, nikaipata kwa watu watatu. Ni mwalimu, yuko kwao, analima kahawa kidogo. Nikajitambulisha, nikamweleza yote, kitanda, mwaka, ile sabuni. Nikamwambia nataka jina lake ndilo likae pale.

Kimya. Nikadhani analia.

"Samahani, mdogo wangu," akasema, "nilibeba wengi. Wewe ndiye yule aliyekuwa anakoroma?"

Nikamwambia hapana, mimi nilikuwa wa upande wa ukutani.

"Aa," akasema. Lakini nilisikia kabisa kwamba hanikumbuki.