Usaili wa Pili, na Kaimu Yumo Ndani

Dar es Salaam, Machi, mawingu ya masika yameshaanza kukusanyika.

Simu ya kuitwa usaili wa pili huleta furaha ya saa chache, halafu anatokea mtu wa kukunong'oneza: "Hiyo nafasi ina mwenyewe, kuna jamaa anakaimu." Wengi hukata tamaa hapo hapo. Wengine hufanya kibaya zaidi, wanaanza kujiandaa kumshinda huyo jamaa kwa kuijua ofisi yake. Nimeliwaza hili wiki nzima na naona ni kupoteza muda. Kaimu anajua benki gani inachelewesha malipo, mkurugenzi anataka ripoti ya kurasa ngapi, na nani akiudhika kazi inakwama. Hayo huyapati mtandaoni. Unachoweza kufanya ni kuijua kazi yenyewe kiasi kwamba jopo lisiione hasara ya kumsubiri mgeni azoee.

Nichukue mfano wa Mhasibu Mkuu katika kampuni binafsi ambayo mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba 31. Ofisi huijui, lakini kalenda yake unaijua tayari, kwa sababu TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, haina kalenda ya wageni na nyingine ya wenyeji. Kodi ya mishahara, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na kodi ya zuio (inayokatwa kabla malipo hayajamfikia anayelipwa) zinatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Awamu za kodi ya makadirio, ile inayolipwa kwa kukisia mapato ya mwaka, ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mapato ya mwaka uliopita mwisho wake ni Juni 30.

Sasa hesabu siku zako. Usaili uko mwanzoni mwa Machi. Ukipata barua, unatoa notisi kwa mwajiri wako wa sasa, na kwa anayelipwa kwa mwezi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka isipungue siku 28 (soma mkataba wako, baadhi zinataka zaidi). Kwa hiyo unaingia Aprili mosi, na siku 90 zako za mwanzo zinaishia mlangoni kwa ritani ya mwaka na awamu ya pili ya makadirio. Katikati wakaguzi wa nje huenda bado wako mezani, na mwezi Juni bajeti inasomwa Dodoma, na mabadiliko mengi ya Sheria ya Fedha huanza Julai mosi.

Mpango wako wa siku 90 uupange juu ya tarehe hizo. Mipango mingi inayoletwa kwenye usaili ina maneno kama "kujifunza", "kuboresha" na "kuimarisha", na jopo linaisahau kabla hujafika kwenye lifti. Andika ukurasa mmoja tu. Wiki ya kwanza: makabidhiano ya maandishi, yenye orodha ya waliosajiliwa kuingia kwenye mifumo ya TRA na ya benki, mashine za EFD (za kutolea risiti za kodi), usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa za benki) wa miezi mitatu iliyopita na hoja za ukaguzi ambazo hazijajibiwa. Kabla ya Aprili 20: kulinganisha mauzo ya ripoti za EFD na mauzo ya leja, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo chanzo cha maswali mengi ya TRA. Mei: kufunga hesabu za mwezi kwa tarehe iliyokubaliwa. Juni: ritani, na kuyapitia upya makadirio. Chapisha nakala moja zaidi ya idadi ya wajumbe, na hata kama umeombwa kuwasilisha kwa skrini, nenda na karatasi. Umeme hauna taarifa za usaili wako.

Tena kuna maswali ambayo kaimu hawezi kuyauliza, kwa kuwa majibu yake ni kazi yake mwenyewe. Wewe unaweza, kwa adabu: "Makadirio ya kodi ya mwaka huu yametokana na bajeti ipi, na mauzo ya miezi miwili ya kwanza yanakwendaje?" Swali kama hilo linaonyesha uzoefu kuliko dakika 5 za kujieleza. Lisiwe na harufu ya kutafuta makosa, maana huenda aliyeyaandaa ameketi chumba cha pili na aliyeyapitisha yuko mbele yako.

Swali ninaloliona zito kuliko yote, na ambalo karibu kila anayetoka nje hulijibu kwa wepesi, ni hili: "Utafanyaje kazi na mtu aliyekuwa akikaimu, akaiomba nafasi, akaikosa?" Majibu ya kawaida ni "mimi sina shida na mtu" au "nitamshirikisha". Hayana kitu. Mtu aliyekosa cheo huwa hahujumu, mara nyingi anaacha tu kujitolea kusema. Unamuuliza, anakujibu ulichouliza, basi. Ile barua ya TRA iliyoko kwenye droo haitajwi mpaka uitaje wewe, na wewe hujui kama ipo. Hatari hiyo jopo linaijua, ndiyo maana linauliza.

Jibu lenye mwili linaanza kabla hujaripoti kazini. Omba uongozi umwambie kaimu matokeo ana kwa ana, na sababu zake, kabla tangazo halijabandikwa. Akilisikia korido, wewe ndiye utakayelipa. Wiki ya kwanza keti naye peke yenu, umuulize alichokianzisha wakati akikaimu na angependa kiendelee. Mwezi wa kwanza usiguse utaratibu aliouweka, isipokuwa pale utaratibu huo unapovunja sheria au kuvujisha fedha. Mwachie eneo lenye jina lake, mathalani kuongoza mawasiliano na wakaguzi, aonekane mbele ya mkurugenzi kwa kazi yake. Na kama alichokosa ni CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, panga naye ruhusa ya kujisomea kwa kufuata ratiba ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Ukilisema hili kwa hatua, bila kumhurumia na bila kumponda, jopo litaanza kukuona tayari umekaa kwenye kiti. Jina lake usilitaje hata kama unalijua. Sema "mwenzetu anayekaimu".

Mshahara nao una hesabu yake. Kaimu akipandishwa, kampuni inaongeza kidogo juu ya anachopata. Wewe unakuja na bei ya sokoni. Mhasibu anayetaja kiasi bila kujua kinamgharimu mwajiri shilingi ngapi anajiumbua. Chukua mshahara wa shilingi 3,000,000 bila posho. Mchango wako wa hifadhi ya jamii, NSSF, 10% ni 300,000. Inabaki 2,700,000 ya kukatwa kodi, ambayo ni 128,000 ya milioni ya kwanza na 30% ya kinachozidi, jumla 638,000. Mkononi unapata 2,062,000. Kama una deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, 15% ya mshahara wa msingi, yaani 450,000, inaondoka pia, unabaki na 1,612,000. Mwajiri naye anaongeza NSSF 300,000, SDL 3.5% na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi 0.5%, kwa hiyo unamgharimu 3,420,000. Taja kiasi kabla ya makato, na jua moyoni kima ambacho chini yake hutoki ulipo.

Kuhusu chumba chenyewe sina mengi. Kiingereza ndicho hufungua usaili, ila hatua ya pili mara nyingi mkurugenzi yumo, na akichoka anageukia Kiswahili ghafla. Fanya mazoezi ya kusema "kodi ya zuio", "uchakavu wa mali" na mabilioni kwa Kiswahili bila kutafuta maneno darini. Salimu jopo kwa ujumla, "habari za asubuhi, mwenyekiti na wajumbe". Shikamoo mpe mzee uliyekutana naye mapokezi, bila kujua ni nani. Mara nyingine ndiye mwenyekiti.

Kama ofisi iko Posta na wewe unatokea Kimara au Mbezi, angalia anga usiku wa kuamkia siku hiyo. Bonde la Jangwani likijaa maji, usafiri wa mabasi ya mwendokasi unakatishwa, na magari ya Barabara ya Morogoro yanahamia njia nyingine ambazo nazo zinaziba. Usaili wa saa tatu siku ya mvua ni safari ya saa kumi na moja alfajiri, viatu vya ofisini ndani ya mfuko na shati la pili limekunjwa vizuri. Ukifika mapema mno, kaa kwenye mgahawa wa jirani. Mapokezi usijitokeze zaidi ya dakika 15 kabla, maana kaimu anaweza kuwa ndiye atakayekupita akienda kuchukua chai.

Ukitoka, andika barua pepe fupi ya shukrani siku hiyo hiyo, ukitaja jambo moja mahususi mlilozungumza. Halafu wapigie wadhamini wako, wale uliowataja kwenye maombi. Jina la kaimu halihitaji kuthibitishwa na mtu wa nje, lako linahitaji, na watu wengi mjini hapa hawapokei namba wasiyoijua. Waambie simu inaweza kuja kwa namba ya mezani inayoanza na 022, waipokee, na uwatumie ule ukurasa wako mmoja ili wajue unaomba kazi gani.