Wapendwa, jirani zetu tunawaona saa ngapi?

Jumapili moja mwaka jana nimetoka ibadani, nashuka kwenye bajaji hapa kwetu Nkuhungu, nakuta vijana wanapakia viti vya plastiki kwenye guta na turubai limeshakunjwa liko chini ya mwarobaini. Nikamuuliza mmoja wao kulikuwa na shughuli gani. Akanitazama kwanza, alafu akasema taratibu, "Mama, si msiba wa mzee hapo kwako."

Hapo kwangu maana yake ukuta kwa ukuta. Mzee alifariki Alhamisi usiku, Ijumaa baada ya swala wakamzika kama ilivyo kwa Waislamu, wao hawakai na maiti, na Jumapili ile ndo walikuwa wamemaliza kisomo cha siku ya tatu. Mi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye mfungo wa siku tatu na wapendwa, yaani waliookoka wenzangu, wa feloshipu yetu, kikundi chetu cha maombi, tuliondoka Alhamisi jioni, simu tukazima ili tuzame kwenye maombi, mwanangu nilikuwa naye hukohuko, na Jumapili tukaunganisha moja kwa moja na ibada.

Sasa huyo mzee ni nani. Mwaka juzi mwanangu alibanwa na pumu saa nane usiku, bomba la dawa limeisha, kifua kinapiga filimbi, midomo imeanza kubadilika rangi. Nilipiga simu kwa wapendwa wanne. Wawili hawakupokea, na siwalaumu kwa saa ile, mmoja yuko Kisasa mwingine yuko Ilazo, hata wangepokea wangefika saa ngapi? Mzee ndo alisikia nalia, akatoka na msuli na fulana, akaenda kumgongea kijana wa bajaji mpaka akaamka, akapanda na sisi hadi hospitali akakaa kwenye benchi pale nje mpaka kumekucha. Huyo ndo mtu ambaye sikumzika.

Niliingia kumpa pole mkewe. Yuko kwenye mkeka, kajitanda kanga, akanishika mkono akasema tu "Karibu mama, tulijua umesafiri." Hakuna neno lingine. Na mimi moyoni najua sikusafiri, nilikuwa Dodoma hiihii.

Toka siku hiyo nimekuwa najiuliza swali ambalo naomba tulijadili bila kugombana, kwamba huu ushirika wetu wa watu wa imani moja unatujenga au unatufungia?

Nianze na haki yake. Mi nilihamia hapa 2019 kikazi. Wanaojua historia ya karibuni ya huu mji watakumbuka serikali ilivyotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, na 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, basi tukaja wengi, watu wazima na mabegi yetu, ndugu tumewaacha Dar, Moshi, Mbeya, Mwanza. Unapanga chumba na sebule, maji yanatoka kwa zamu, vumbi na upepo wa mwezi wa saba unakupasua midomo, na hujui hata wa kumwazima ndoo. Feloshipu ndo ilinipokea. Nilipofanyiwa upasuaji ni wapendwa walionifulia, walionipikia uji, waliolala na mwanangu. Nilipokuwa na deni lililokuwa linaninyima usingizi nililisema mbele ya akina dada watatu na sikuaibishwa. Kwa hiyo mtu akiniambia vikundi vya walokole ni kupoteza muda tu, hapana, sikubaliani naye hata kidogo. Waebrania 10 inatuambia tusiache kukusanyika na mi nimeishi faida yake.

Alafu kuna nguvu ambayo mtu peke yake hana. Ule uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya mpaka huku kwetu Tanganyika ulikuwa ni watu wa vikundi vidogo, wanakutana, wanatubu waziwazi, wanaambiana ukweli usoni, kutembea nuruni ndo walivyoita. Wakati wa Mau Mau kule Kenya miaka ya 1950 wako ndugu wa uamsho waliokataa kula kiapo cha wapiganaji, na wengine wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa kwa hilo. Utalisimamia vipi jambo kama hilo kama huna watu wanaokushika mkono kila wiki?

Lakini hao ndugu wa zamani, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, wengi waliishi vijijini.

Mwezi wa nne nilienda Mvumi, kama kilomita 40 hivi kutoka mjini, kumsindikiza dada mmoja wa feloshipu kwa bibi yake. Bibi ni Mwanglikana wa damu, kaokoka kabla hata mama zetu hawajaolewa. Tulikaa nje jikoni, anasonga ugali wa uwele, mwiko unazunguka polepole na mkono mmoja kashika sufuria kwa kipande cha kanga, mlenda uko pembeni unavutika kama uzi. Kila aliyepita njiani bibi alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", na wote walisimama, mwingine anaulizwa ng'ombe, mwingine anaulizwa mguu umeponaje. Nikamuuliza, bibi, hawa wote ni wapendwa? Akacheka, akasema yule mlevi, yule ana wake watatu, yule ni mpendwa ila ana hasira. Alafu akauliza, "Nyie mjini mnakutana mara ngapi?" Mjukuu akaanza kuhesabu kwa fahari kabisa, Jumatatu maombi, Jumatano Neno, Alhamisi kwaya, Ijumaa mkesha, Jumamosi uinjilisti, Jumapili ibada. Bibi akaupua ugali, akasema, "Na jirani zenu mnawaona saa ngapi?"

Wala hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. Yeye feloshipu yao ilikuwa mara moja kwa wiki chini ya mti, siku zilizobaki walikuwa shambani na watu haohao, kisimani na watu haohao, wanachimba kaburi na watu haohao. Hata angetaka kujitenga angejitengea wapi? Sisi mjini tuna bajaji na grupu la WhatsApp, tunaweza kuruka nyumba hamsini za majirani kila jioni tukaenda kukaa na watu kumi na tano tunaofanana nao, na tukaona hiyo ndo utakatifu.

Na tuna lile neno letu, "mataifa". Fulani ni mtu wa mataifa, yaani hajaokoka. Usinunue kwa mataifa wakati mpendwa anauza. Nimelitumia miaka mingi bila kufikiri. Siku moja mwanangu akamwita mjane wa yule mzee hivyo, "mama wa mataifa", mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anavyosema mama wa genge. Niliona aibu, manake kalitoa kwangu.

Nilipolileta hili kwenye kikundi kaka mmoja alinijibu kwa 2 Wakorintho 6, tusifungiwe nira pamoja na wasioamini. Sawa, andiko ni andiko. Lakini nani Dodoma hii hajui nira? Ukienda Bahi msimu wa kulima unaiona, mti unaolazwa shingoni mwa maksai wawili, mmoja akikata kushoto na mwenzie lazima akate kushoto. Hiyo ni ndoa, hiyo ni biashara ya ubia. Kukaa mkekani na mjane ukanywa naye chai ya tangawizi siyo nira jamani. Na Paulo huyohuyo kwenye barua ya kwanza, sura ya 5, anasema wazi kwamba hakuwa na maana tujitenge na wazinzi na wanyang'anyi wa dunia hii, la sivyo ingetubidi tuhame duniani. Na Bwana mwenyewe katika Yohana 17 hakuomba tutolewe ulimwenguni, aliomba tulindwe tukiwa humohumo. Mi nikisoma hayo naona feloshipu ni mahali pa kushiba ili uende, na kama inakula jioni zako zote mpaka huna hata moja ya kumpa mtu wa mtaani kwako, inaumwa, hata kama maombi yanawaka moto.

Niliomba tuache Jumatano. Nikasema kabisa nataka jioni hiyo niende kukaa na yule mama, yuko eda, miezi minne na siku kumi hatoki, na watoto wake wako mbali. Ikawa kimya. Dada mmoja akaniambia kwa upole, mpendwa, umeanza kupoa. Kwa wasiojua, kwetu hilo neno ni zito, ni kama kuambiwa una ugonjwa. Nililia usiku ule. Lakini Jumatano iliyofuata nilienda kwa jirani na ndoo ya maji, tukachambua mchele, tukaongea habari za mzee, akanionyesha fulana ileile bado haijafuliwa.

Baada ya wiki kama sita kiongozi wetu akatangaza Jumatano na Jumatatu zimeondolewa, kila mtu akae na nyumba yake na mtaa wake. Wengine wamefurahi, kaka mmoja juzi kaja na ushuhuda kwamba amemjua jina baba wa nyumba ya mbele baada ya miaka minne. Wengine hawakupenda. Yule dada aliyeniambia nimepoa amehamia feloshipu nyingine upande wa Makulu, ambako wanakutana kila siku. Ndo yeye aliyelala na mwanangu nilipokuwa hospitali. Nimempigia mara mbili, anapokea, tunasalimiana, Bwana asifiwe, amina, alafu tunakosa cha kuongea. Jumamosi hii nitaenda kwake.